Uzi wa wapenda vitu vya kale: sarafu, santuri, kanga, redio za babu (wa rupia inayovuta mchele atusubiri nje)

Senti Tundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilipita kwa jamaa wa vyuma chakavu huku Tandika, natafuta kipande cha bati la kuziba banda la kuku. Nikamkuta anapima kopo la maziwa ya unga kwenye mizani. Kopo lenyewe limeliwa na kutu, ila mkono wa mizani umeshuka kweli kweli. Nikauliza kuna nini humo. "Shaba ya kizee hiyo, inaondoka kwa kilo." Nikaomba nilimwage juu ya gunia nione.

Zilitoka senti kumi za tundu, senti tano za tundu, ufunguo wa kabati, kitasa kimevunjika ulimi, na kifungo cha koti kilichoandikwa E.A.R. & H. Wazee wa hapa jamvini wanajua hicho ni nini: shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, lililoanza 1948. Kuna mtu alikivaa kifungo kile kifuani kila asubuhi, kikakatika, akakitia kwenye kopo akisema atakishona kesho. Kopo limeletwa na mama mmoja aliyekuwa anasafisha chumba cha marehemu baba yake.

Bati la banda nililisahau. Nilimpa jamaa elfu kumi na mbili, akaniona bwege, tukaagana kwa furaha pande zote mbili.

Usiku nikatandika taulo mezani, nikavuta taa, nikaanza kuzipanga senti kumi peke yake kwa mwaka. Kwa asiyezijua: ni sarafu pana ya shaba, upana wake karibu sentimita tatu, tundu katikati, pembe za ndovu pembeni ya tundu, na jina la mfalme limezunguka. Sura ya mfalme haipo kwa sababu panapokaa sura pana tundu. Sasa zisomeni moja moja kama nilivyozisoma mimi.

Ya 1936: jina ni la Edward wa Nane. Huyu alikalia kiti cha enzi mwaka huo huo na mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, akakiacha kwa ajili ya mwanamke. Hakuwahi hata kuvishwa taji. Huko kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia sokoni, lakini huku kwetu bibi yako alinunulia chumvi kwa jina lake.

Ya 1942: George wa Sita, na mwishoni pameandikwa IND IMP kwa ufupi, yaani mfalme wa hapa na kaisari wa India.

Ya 1950: George yule yule, lakini maneno ya India hayapo. India imeshaondoka zake 1947. Hakuna aliyetangaza gulioni kwamba ufalme umepungua, imefutwa tu kimyakimya pembeni ya tundu.

Ya 1956: Elizabeth.

Ya 1964: hakuna mtu. Tundu lipo, pembe zipo, EAST AFRICA ipo, jina la malkia limeondoka. Tanganyika imeshapata uhuru, Uganda imeshapata, Kenya imeshapata.

Sarafu tano, kopo moja, kwa bei ya kuku asiye na afya. Nilikaa mpaka saa saba usiku. Mke wangu akachungulia, akaniuliza kama nahesabu mahari ya mke wa pili.

Nimeufungua uzi huu tukutane wenye ugonjwa huu. Lete ulichonacho na ulikotoa. Picha ikikosekana, simulia. Sharti ni moja tu: sitaki kusikia habari ya rupia inayovuta mchele.

---

kidume_cha_pwani

Nipo hapa na kiti changu. Endeleeni wakuu.

---

Jembe Halimtupi

Mkuu heshima kwako. Najua umekataza ila naomba unisikilize. Mimi nipo Singida, nina rupia ya Mjerumani ya bibi, ina mtu amevaa kofia ya ndege. Kuna jamaa anasema ikivuta punje za mchele ni milioni mia mbili, ila mtaalamu wa kuja na kipimo anataka laki tatu na nusu ya nauli. Mteja yupo Dar hotelini. Nimtumie?

---

Senti Tundu

Usitume hata mia.

Nakujibu kirefu kidogo kwa sababu najua mko wengi mnaosoma kimyakimya mkiwa na swali hilo hilo. Rupia ya Mjerumani ni fedha, namaanisha madini ya fedha, asilimia 91.7. Fedha haivuti mchele, haivuti chuma, haizimi tochi, haigandishi saa. Ukitaka kuipima, kipimo ni mizani ya sonara: inatakiwa iwe gramu 11.66, na iliyotumika sana inapungua kidogo. Kipimo cha pili ni sumaku: ikinasa, umeshika chuma kilichopakwa rangi. Hivyo vyote havihitaji mtu wa nauli.

Huyo mwenye kofia ya ndege ni Wilhelm wa Pili, Kaisari wa Ujerumani. Geuza upande wa pili. Ukiona simba na mnazi, na maneno marefu yanayoanzia Deutsch-Ostafrikanische, ni za mwanzo, za ile kampuni yao, zilizoanza 1890. Ukiona Deutsch Ostafrika tu, ni za serikali, kuanzia 1904. Kuanzia mwaka huo rupia moja iligawanywa heller 100. Kabla yake ilikuwa pesa 64.

Mwenye rupia halali analo jambo zuri mkononi, ila si ghorofa Masaki. Zilitengenezwa nyingi. Bei inategemea mwaka, alama ya kiwanda na uchakavu, na nyingi hazizidi sana thamani ya fedha iliyomo.

Nani amekupa hadithi ya mchele? Maana tangu nikiwa darasa la tano naisikia, na sijamwona hata mmoja aliyelipwa. Waliolipa nimewaona.

---

Mjukuu wa Unyanyembe

Mkuu Senti, hapo kwenye heller umenigusa. Vijana wengi hawajui neno "hela" linatoka hapo hapo. Kila siku mtu anasema sina hela, hela imeisha, nitumie hela, anataja shaba ndogo ya Mjerumani iliyokoma kutumika zaidi ya miaka mia iliyopita. Na "pesa" ilikuwepo kabla yake, tumeipata kwa Wahindi. Ukishika ile pesa moja ya kampuni ya 1890, upande mmoja ina maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria 1307. Mjerumani alijua akiandika Kijerumani pande zote, watu wa pwani hawaitaki.

Sisi Tabora tuna la kujivunia. 1916, vita imekaza, meli za Waingereza zimeziba bahari, sarafu kutoka Ulaya haziji. Wakagonga zao wenyewe kwenye karakana ya reli hapa Tabora. Heller 5 na heller 20 za shaba, na ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake, na herufi T. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Dhahabu zenyewe zilikuwa elfu kumi na sita na ushei tu. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakaingia mjini, ikawa basi.

Mimi ya dhahabu sina wala sitarajii. Ninayo heller 20 ya shaba ya njano. Imegongwa vibaya, maandishi yamekaa upande, ukingo mmoja mwembamba kuliko mwingine. Naipenda kuliko zote kwa ubaya wake huo. Za Berlin zimenyooka kama askari wa gwaride, hii yangu unaona kabisa fundi alikuwa na haraka.

---

Fundi Masafa

Nasikitika kuwaambia kwamba ndugu wa mchele wamezaa mtoto, anaitwa zebaki nyekundu, kitu cha thamani kubwa kisichokuwepo.

Mimi ni fundi redio toka 1988. Naokota redio za taa, zile kabla ya transista, zenye kabati la mbao na kitambaa mbele ya spika. Raha yake ni ukiiwasha. Haiongei hapo hapo. Unasubiri. Kwanza unaona kijiwekundu ndani ya taa, halafu harufu ya vumbi linaloungua, halafu mngurumo mdogo, halafu sauti inapanda kama mtu anayetoka usingizini. Kwenye kioo cha masafa yameandikwa majina ya miji, Hilversum, Athlone, Beromünster. Utotoni nilidhani ni majina ya nyimbo.

Sasa mwaka 2009 uvumi ulizuka Saudia kwamba cherehani za Singer zina zebaki nyekundu, zikapanda bei kichaa. Uvumi ukavuka bahari ukafika kwetu, ukahamia hadi kwenye redio na televisheni za chogo. Kuna mama mteja wangu, wajanja wawili walimwendea kwake wakiwa na simu, eti simu ikikata mtandao karibu na cherehani basi zebaki imo. Wakaipasua. Cherehani nyeusi ya miguu, yenye maua ya dhahabu, aliyosomeshea watoto wanne. Ndani hamkuwa na kitu zaidi ya mafuta na uzi. Wakaondoka hata pole hawakusema.

Aliniletea vipande kama nitaweza kuunga. Chuma cha kumimina hakiungiki kirahisi, nikamrudishia. Nikabaki na bobini moja, ipo dukani.

---

Santuri Upande B

Habari kutoka Nairobi jamani. Mimi ni wa santuri, na karibu Jumamosi zote mchana huwa niko Kenyatta Market nikipekua.

Watu hudhani mkusanyaji wa santuri anapenda muziki tu. Napenda muziki, ndiyo, lakini napenda zaidi kusoma ile lebo. Hizi ndogo za arobaini na tano (mizunguko kwa dakika) za Afrika Mashariki nyingi zimeandikwa kwa kalamu. Utakuta jina la mwenyewe, jina la baa, wakati mwingine namba ya sanduku la posta. Ninayo moja imeandikwa "USIMPE MTU" kwa wino wa buluu. Na bila shaka alimpa mtu, ndiyo maana iko kwangu.

Jina langu hapa linatokana na jambo nililoligundua polepole. Santuri ikitoka baa, upande A umekwaruzwa hadi unalia kama mahindi yanayokaangwa. Upande B mweusi unang'aa, haujaguswa. Miaka hamsini watu wamelipa senti zao kusikiliza upande mmoja tu. Basi mimi nikinunua huanza na B. Nimekutana na nyimbo nzuri sana huko ambazo wenye santuri wenyewe pengine hawakuzisikia hata mara moja.

Zile kubwa nzito za sabini na nane ni hadithi nyingine. Hizo ni za utomvu wa wadudu, si plastiki. Ukiangusha imekuwa vigae. Siti binti Saad na wenzake walisafirishwa hadi Bombay 1928 kurekodi za namna hiyo, na zilipofika pwani zikauzika sana. Hebu fikirieni: sauti ya mtu wa Unguja, imeimbwa Bombay, ikapita bahari mara ya pili kwa jahazi au meli, na inavunjika kwa kudondoka kutoka kitandani. Niliwahi kushika moja Mombasa, Mji wa Kale. Muuzaji hakutaka kushuka bei nami sikuwa nazo. Nikarudi mwezi uliofuata. Akaniambia mjukuu aliikalia.

---

kidume_cha_pwani

"Mjukuu aliikalia" 😂😂 pole sana mkuu, hapo lazima ulitafuta pa kuegemea.

---

Mama Pindo

Mmejaa wanaume humu mnazungumzia vyuma. Haya, nimefika.

Mimi ni mtu wa Tanga, nakusanya kanga za zamani. Na niseme mapema: hakuna kitu kigumu kama kukusanya kanga, kwa sababu kanga nzuri hufa. Huvaliwa, hubebea mtoto, ikichakaa inakuwa ya jikoni, ikichakaa zaidi inakuwa nepi, mwisho dekio. Sarafu zenu zinakaa kwenye kopo miaka sitini hazidhuriki. Kanga iliyofika miaka sitini ikiwa doti nzima, haijakatwa, ujue kuna mwanamke aliizuia kwa makusudi. Aliifungia sandukuni akaikataza isitumike. Swali langu huwa moja: kwa nini hii?

Nikipewa kanga naangalia pindo kwanza, halafu mji, halafu jina. Zile za mwanzo jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, za Kirumi zikaja baadaye. Naangalia kama kuna "K.H.E. Mali ya Abdulla", hiyo ni alama ya duka la Mombasa, Biashara Street, la tangu 1887. Bibi yangu alikuwa hanunui isiyo na hiyo alama, alisema nyingine zinachuja rangi hadi mumeo anakuwa mwekundu.

Ninayo moja ya mama mkwe wangu marehemu. Nilipewa na mawifi baada ya arobaini, wakaniambia chukua hii, alisema upewe wewe. Rangi nyekundu na nyeusi, jina: "WEMA HAUOZI". Mimi na yeye hatukuwahi kupatana wakuu. Miaka kumi na tisa. Nikikaa naitazama sijui kama ananishukuru au ananisuta. Naijua lugha ya kanga vizuri na bado hii imenishinda.

Naihifadhi kwenye shuka la pamba na karafuu pembeni, siyo nailoni. Nailoni inafuga unyevu, pwani hii utakuta imeota madoa.

---

Senti Tundu

Mama Pindo, shikamoo. Umeniondoa kwenye shaba yangu. Sina la kuongeza zaidi ya kusema: hiyo usiiuze.

---

Mama Pindo

Marahaba mwanangu. Nani kakwambia nauza?

---

Mzee wa Uhalisia

Samahani nitachafua hali ya hewa. Nchi ina watu hawana hela ya kula (heller, sawa), nyie mnaokota vifungo vya makoti na santuri zilizokaliwa na wajukuu. Faida yake nini? Si bora ununue hisa?

---

Senti Tundu

Mzee, faida kama ni ya shilingi hakuna, nakuambia wazi. Ile senti ya 1936 niliyoisifia pale juu, watu wanapiga mahesabu kwamba mfalme alikaa miezi kumi na moja, basi sarafu yake ni adimu. Siyo. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Nikiuza zote za kopo langu labda nitarudisha elfu kumi na mbili na soda.

Ila wewe Jumapili unaangalia mpira dakika tisini. Ulipata hisa ngapi?

---

Kaka wa Kreuzberg

Naandika kutoka Berlin, naishi huku mwaka wa tisa sasa. Jumapili kuna gulio la vitu vya zamani Mauerpark, nakwenda kwa ajili ya vikombe na vijiko, maana vya dukani ghali.

Mara ya kwanza nilikuta sanduku la kiatu limejaa postikadi. Zimepangwa kwa miji. Nyuma kabisa kuna kikaratasi cha "Deutsch-Ostafrika". Nikatoa moja: Daressalam, bandari, minazi, kanisa la mnara. Ni pale pale ninapopandia pantoni kwenda Kigamboni! Nyuma imeandikwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata vijana wao hawausomi. Nikampelekea jirani yangu bibi wa ghorofa ya pili. Akavaa miwani, akasoma polepole: joto kali, homa imepungua, hapa kuna tunda linaitwa embe, mama usiwe na wasiwasi. Basi. Mwaka 1908 mtu anamtoa mama yake wasiwasi kwa kumwelezea embe. Nikanunua hiyo kwa euro nne.

Nikawa narudi. Jumapili nyingine nikatoa kadi iliyokuwa chini yake. Wanaume kumi hivi, wamefungwa minyororo shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, wamesimama wanaangalia kamera. Pembeni askari. Kadi ya salamu hiyo, watu walitumiana. Nyuma imeandikwa heri ya mwaka mpya.

Muuzaji akaniangalia. Alinijua, mteja wake wa kila wiki. Akasema hiyo bei ni zaidi, hizo zinatafutwa.

Sikununua. Niliirudisha ikiwa imelala uso chini. Nikafika nyumbani nikawaza kwamba nimemwachia mtu mwingine aichukue. Novemba 2023 Rais wao Steinmeier alikwenda Songea akaomba radhi mbele ya jamaa za waliouawa na Wajerumani vita vya Maji Maji, niliangalia kwenye simu nikiwa kwenye treni, na kitu nilichokiona kichwani ni lile sanduku la kiatu.

Wakuu mnaojua zaidi, ingekuwa nyie mngenunua?

---

Mjukuu wa Unyanyembe

Mimi ningenunua. Ikae kwa mtu anayejua ni akina nani wale.

---

Mama Pindo

Mimi nisingenunua. Nisingelala nayo nyumba moja. Lakini sikulaumu ukinunua mwanangu.

---

Santuri Upande B

Ningeipiga picha, nikaacha yenyewe. Sijui kama ni jibu.

---

Wakili wa Mtaani

Kwa kuwa uzi umechangamka, niweke onyo kidogo, maana nimeona kwenye uzi mwingine mtu anauliza bei ya mlango wa kuchonga wa babu yake Bagamoyo. Tanzania Bara tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinalindwa, na milango na fremu za kuchongwa za kabla ya 1940 zimetajwa humo kabisa. Kuuza na kutoa nje ya nchi kunahitaji leseni. Zanzibar wana sheria yao. Pembe za ndovu msiziguse hata zikiwa kwenye kiti cha babu wa babu.

Na kitu cha kaburini si cha kukusanya. Ndugu zetu Wamijikenda huko Kenya wameibiwa vigango, zile nguzo za kuchonga za kuwakumbuka marehemu, vya wazee wao, vikaja kuonekana kwenye makumbusho ya Marekani, na vingine vimeshaanza kurudishwa. Mtu akikuletea kigango, usimwite muuzaji.

---

dogo_wa_gerezani

Jamani mimi nimehamasika, nimechukua zile senti za bibi nikazisugua na ndimu na majivu zimekuwa kama dhahabu. Niweke picha?

---

Senti Tundu

Dogo, kaa chini. Pumua. Zilikuwa ngapi?

Ile rangi ya kahawia nzito ndiyo uzee wenyewe. Imechukua miaka sabini kuja, wewe umeitoa kwa dakika tano, na haitarudi ukiwa hai. Ndimu ni asidi, inakula shaba. Majivu yanachora vistari. Mkusanyaji akiiona inang'aa hivyo anairudisha mezani bila kuuliza bei. Kama ina udongo, maji ya kawaida tu na kuiacha ikauke juu ya kitambaa. Usizifunge kwenye mifuko laini ya plastiki pia, ile inatoa utelezi wa kijani. Bahasha ya karatasi inatosha.

Usijisikie vibaya, hata mimi ya kwanza niliisugua kwa dawa ya meno. Ilikuwa shilingi ya simba ya 1925. Bado ninayo, naificha wageni wasiione.

---

dogo_wa_gerezani

Zilikuwa kumi na nne 😭 Moja bado sijaisugua.

---

Bin Shangani

Nipo Muscat. Nina reale ya yule mama mnene, imeandikwa 1780. Ni ya babu kutoka Unguja. Maana yake ina miaka zaidi ya 240?

---

Senti Tundu

Sheikh, hiyo ni ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Mama alifariki 1780, na tangu hapo wameendelea kuitengeneza kwa mwaka huo huo 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa huku na Uarabuni walizoea ile sura na hawakutaka nyingine. Vienna, Roma, London, Bombay, kote zimegongwa. Inawezekana ni ya babu wa babu, inawezekana ni ya juzi. Inatakiwa iwe gramu 28 na kidogo. Angalia alama ndogo ndogo kwenye manyoya ya yule tai, wataalamu hutofautisha hapo. Mimi siyo mtaalamu wa hizo.

---

Jembe Halimtupi

Nimerudi wakuu. Yule jamaa nimemblock, alikuwa ameshuka hadi laki na nusu.

Nimekwenda kwa sonara kama ulivyosema. Mizani imesoma 12.4. Nikashtuka maana ulisema 11.66. Sonara akacheka, akanionyesha juu kwenye ukingo kuna kijipete kimeunganishwa kwa risasi, ndiyo kimeongeza uzito. Sumaku haikunasa. Mwaka 1892, simba na mnazi upande wa pili. Sonara anasema ilikuwa inavaliwa shingoni na ananipa bei ya fedha tu.

Ina maana mteja hakuna kabisa?

---

Senti Tundu

Mteja yupo, sonara huyo huyo. Wakusanyaji wengi wakiona kijipete wanashusha bei, kwao sarafu imeharibiwa.

Kwangu mimi hapo ndipo inapoanza. Nani aliivaa?

---

Jembe Halimtupi

Sijauliza mkuu. Bibi ndiye aliyekuwa nayo, imefungwa kwenye kona ya kitenge. Hata sikumwambia kama nimeichukua nikaenda nayo kwa sonara.

---

Mama Pindo

Mrudishie usiku huu huu kabla hajaamka kuitafuta.

---

Jembe Halimtupi

Amelala tayari. Nimeifunga pale pale kwenye kona. Kesho akishakunywa chai nitamuuliza.

---

kidume_cha_pwani

Sitoki hapa mpaka bibi aamke.